Chumvi Iliyovuka Kwanza

Mimi na mwenzangu tuliuza chumvi Pinga, maduka yetu yakitazamana. Mimi nimetoka Butembo, yeye ni wa Kalembe. Chumvi tuliifuata pamoja kwenye mpaka wa Uganda, kwa sababu safari ya wanawake wawili ni nyepesi kuliko ya mmoja.

Safari ile nilikuwa na mtoto mgongoni, bado ananyonya. Tulipofika duane, pale forodhani, mwili wake ulikuwa unawaka. Tulipanga magunia yetu uwanjani, ya mwenzangu mbele, yangu nyuma, kwani ndiye aliyetangulia. Tulingoja tangu asubuhi. Jua lilipoanza kushuka, mkaguzi akatoka na muhuri wake mkononi.

"Leo nabakisha nafasi ya mutu moja," akasema. "Wengine, kesho."

Mwenzangu alinigeukia, akaweka kiganja kwenye paji la mtoto.

"Papa, pitisha huyu. Mutoto wake iko na homa."

"Lakini wewe njo ulifika wa kwanza."

"Nimesema apite."

Nilikataa. Nilikataa mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha nikaanza kufungua magunia ili yakaguliwe. Dereva aliyekuwa na nafasi kwenye lori lake hakutaka kungoja. Tulipoondoka, mwenzangu alikuwa anavuta turubai juu ya mzigo wake. Alinipungia mkono, nami nikapunga wangu.

Hospitalini Butembo walimtibu mtoto, homa ikashuka. Nilikuwa bado namshukuru Mungu simu ilipolia. Mvua kubwa ilinyesha kule mpakani, upepo ukabeba turubai. Asubuhi magunia yalikuwa yamelegea, na maji ya chumvi yalikuwa yanatiririka kuelekea barabarani. Mwenzangu aliyasimulia hayo taratibu, kama mtu anayesimulia msiba wa jirani. Kisha akauliza, "Mutoto anaendelea aje?"

Alirudi Pinga kwa pikipiki, beseni moja la mabaki mapajani. Kabla hajafungua duka lake, alipitia kwangu kumwona mtoto. Akamnyanyua, akamchekesha. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya meza.

Msimu ule chumvi iliadimika. Wateja wake wa Buleusa walikuja, wakakuta mlango wake umefungwa, wakavuka barabara. "Mama wa pale iko wapi?" waliuliza, na huku wanauliza mimi nilikuwa nawapimia. Sijawahi kuuza vizuri namna ile. Kila nikizamisha kopo guniani nilitazama ng'ambo.

Nilimpelekea nusu ya magunia yaliyobaki. Alinicheka.

"Weye njo ulinyesha mvua? Rudisha. Niachie ya kupikia tu."

Baadaye aliacha biashara, akarudia mashamba ya mume wake Kalembe. Nilikwenda kuungama. Padri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Lakini mama, zambi njo gani?" Nilitafuta jina la dhambi hiyo, nikalikosa. Alinipa sala ya kusali. Niliisali, na nilipoimaliza nilikuwa vilevile.

Basi nikaanza kumtembelea Kalembe. Mara sabuni, mara kitenge. Kila nikifika machozi yalinitangulia. Siku moja nilimkuta katikati ya shamba la maharagi, jembe mkononi. Hakuupokea mfuko niliomletea.

"Dada, kila ukikuja hapa unalia, na mimi nakaa kukunyamazisha," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Na mimi chumvi yangu ilikwenda. Niliililia peke yangu. Ile siku nilitazama mutoto, sikutazama weye. Sasa shika jembe ao rudia kwako."

Nilishika jembe. Tulipalilia, mimi kwa jembe, yeye kwa mikono, mtoto akitambaa kwenye majani tuliyoyang'oa, akila udongo. Jua lilipokuwa kali tulikaa kivulini, tukala mihogo ya kuchemsha, akanisimulia habari za binti yake anayeolewa. Nilicheka mahali pa kucheka.

Nilipoondoka, viganja vilikuwa vimechubuka. Kwenye barabara kuu, nikingoja pikipiki ya kurudi Pinga, mwanamke mmoja nisiyemjua alinisimamisha.

"Mama, si weye njo unauzisha chumvi?"

"Njo mimi," nikajibu, na nikatazama chini.