Bomba Lililochonganisha Nyumba

Watu humwita Sikio, na jina hilo analibeba kwa maringo. Mafundi bomba wenzake wakifika kwenye nyumba ambayo bomba lake linagonga, hukimbilia nyundo na kubomoa ukuta. Yeye huomba mwiko. Huweka mpini sikioni, bapa lake kwenye bomba, kisha hufumba macho. Wenye nyumba hucheka wee, mpaka wanyamaze wenyewe.

Asubuhi moja aliitwa na kaka yake, na sauti ya kaka ilikuwa ya mtu aliyekaangwa pande zote mbili. Mama yao, anayeishi ghorofani, alikuwa amefunga virago. Alidai mkwewe anamgongea ukuta makusudi ili amfukuze. Mkwe naye, huko chini, aliapa kwamba mama ndiye anayempigia sakafu kwa bakora. Gari la kumhamisha mama lilikuwa njiani, na Sikio moyo ulimuuma.

"Wifi, nimechoka!" mke wa kaka alimpokea jikoni. "Nikifunga maji tu, ananigongea kichwani."

"Hebu fungua," Sikio alisema. "Sasa funga kama kawaida yako."

Wifi yake alikuwa na koki mpya, ya kufungwa kwa kofi moja. Akaichapa. Du! Du! Mara kutoka juu: ngo, ngo, ngo! Wifi akanyakua sufuria ajibu mapigo, lakini Sikio, mwiko sikioni, akamdaka mkono.

"Tulia! Huo mlio wa kwanza umetoka humu ndani ya bomba. Wa pili ndio Mama, anakujibu. Na wewe unamjibu yeye. Mmegombanishwa na bomba, wifi yangu!"

Akafungua kijimlango cha mbao ukutani, akaingiza mkono mpaka begani. Bomba la kupanda juu lilikuwa likicheza kama jino bovu, vibano vya kulishikilia ukutani vimekatika. Maji yanayokuja mbio yakizuiwa ghafla yalilisukuma, nalo likaupiga ukuta. Sikio akafunga vibano vipya, akapachika mpira nyuma yake. Jasho lilimchuruzika, na kaka alichungulia dirishani kila gari lilipopita.

"Haya, ichape kwa hasira zako zote!"

Wifi akaichapa. Kimya. Akarudia. Kimya! Sikio akapiga vigelegele, vumbi limemjaa usoni. Alikuwa na furaha isiyo kifani.

Mama akashuka taratibu kuona kunashangiliwa nini. Sikio, binti yake, akamweleza yote, akimwonyesha vibano vilivyokatika.

"Kumbe siku zote hizi nagombana na chuma?" mama aliuliza.

"Hata mimi, Mama. Nisamehe," mkwe alisema, huku kicheko kikimponyoka.

Nje honi ikalia. Mama akavuta kiti, akasogeza vitunguu vya mkwewe na kuanza kumenya.

"Mwambie mwenye gari arudi zake," alimwambia mwanawe wa kiume bila kuinua uso. "Huoni tunapika?"