Sauti ya Ukoo

Dada yangu alirudishwa kwetu Tunduma, mtoto mgongoni, kwa sababu moyo wa mtoto ulikuwa na tundu. Wakwe zake kule Igamba waliketi kikao wakaamua kwamba mtoto hazaliwi hivyo ila mama awe ameficha jambo. Na kwa kuwa alikuwa akivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza mchele akiwa na mimba, jambo lenyewe wakadai wanalijua. Aungame, ndipo arudi kwa mumewe. Hakuwa na la kuungama. Mpaka leo nikikumbuka nasikia hasira, wala sitaki ipoe.

Kinachoniudhi zaidi ni ile sauti. Wanaume wa ukoo ule husemea puani, na wanajivunia. Mtoto alipochelewa kusema, na aliposema sauti ikatokea puani, wazee walifurahi kweli. Kila walipokusanyika kuchuma kahawa walituma aletwe kutoka kwetu awasalimie mmoja mmoja. "Shikamoo babu." Wanacheka. "Huyu wetu, hakuna ubishi." Yaani sauti ilikuwa yao, moyo ulikuwa wa dada yangu.

Tulihangaika naye mpaka akapasuliwa Dar es Salaam, akapona. Daktari mmoja pale akamuuliza dada maswali ambayo hatukuyatarajia: maziwa yalikuwa yakimtoka puani? Alichelewa kusema? Akachukua damu ya mtoto na ya dada ikapelekwa nje ya nchi, kisha akaomba ya baba. Shemeji alikuja bila kuwaaga wazee wake. Kwa hilo namheshimu.

Majibu yalipokuja daktari alitueleza taratibu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni zake karibu zote, moja ya baba, moja ya mama. Wako watu ambao kipande kimezidi, wako ambao kimepungua. Wengine hawajui kabisa, wengine wanaugua. Mtoto alikosa kipande kimoja, kile kinachogusa moyo, kaakaa na sauti. Dada alikuwa nacho chote. Shemeji alikikosa vilevile, ila kwake upungufu uliishia kwenye sauti tu.

Tukaenda Igamba. Dada alitaka kitu kimoja: watamke mbele ya kikao kilekile kwamba hakufanya kosa. Shemeji akawaeleza yote, kwa sauti yake hiyohiyo ya puani. Mzee wao, baba mkwe wa dada, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa."

Kasoro ilipodhaniwa ni ya dada yangu ilikuwa dhambi. Ilipojulikana ni yao, ikawa kazi ya Mungu.

Mama mkwe alikuwa akichambua maharage. Akasema bila kuinua uso, "Hata baba yake maziwa yalimtoka puani. Nilikuwa namnyonyesha nimemkalisha wima."

"Mama, siku ya kikao ulikuwepo," dada alisema.

"Nilikuwepo, mwanangu. Nani aliniuliza?"

Mzee akageukia mlangoni alikosimama mtoto, kama vile tulikuwa tumemaliza. "Njoo unisalimie, mjukuu wangu, nikusikie."

Mtoto akaanza kwenda. Dada akamshika mkono.

"Baba, sauti mnaipenda," alisema. "Semeni kwanza kwamba na moyo ni wenu, ndipo awasalimie."

Mzee akamwita mtoto tena. Tukaondoka, na mtoto hakuwaamkia.