Mlinikeshea Nikiwa na Usingizi

Bwana asifiwe, wamama wenzangu wa maombi. Kaeni tu, makofi mtapiga nikimaliza, kama bado mtakuwa mnataka.

Mnanijua. Mimi ni Mama Wambui wa hapa Mutuini, ng'ombe watatu nyumbani na cherehani kule sokoni Satellite. Kwa miaka mingi nilikuwa najisifu kwamba silali. Nashona mpaka saa tano, saa sita za usiku. Saa tisa naamka kwa zamu yangu ya maombi kwenye simu, saa kumi niko zizini nakamua. Na nyinyi mlikuwa mnasema, "Huyo ni mama wa nguvu!" Nami kichwa kinavimba. Ujinga mtupu!

Mwili ulianza kulalamika mapema. Kope la jicho la kushoto lilichezacheza wiki nzima. Kichwa kiliuma hapa kisogoni, mdomo ukajaa vidonda, moyo ukawa unaenda mbio nikiwa nimekaa tu. Nilikula mkate na chai ya sukari kutwa, sishibi, nikanenepa. Siku moja nilishona sweta ya shule, mikono yote miwili nikaiweka upande mmoja. Mwenyewe alipokuja kuichukua, nikamfokea yeye! Mume wangu aliniambia, "Lala, mama." Nikamjibu kwamba kulala ni kwa wazembe.

Kisha binti yangu Wambui akapata msichana wa pili, akampa jina langu, Wairimu, kama ilivyo desturi yetu. Nilijivunia huyo mtoto, we! Alipokuwa na miezi mitano, mchana mmoja Wambui aliniachia aende dukani. Nikakaa kwenye stuli, mtoto mapajani. Kilichoniamsha ni kilio chake, akiwa chini kwenye simiti.

Kliniki walisema ni uvimbe tu wa kipaji cha uso, ndani hajaumia. Wambui hakupiga kelele. Alisema, "Mum, sijakasirika. Lakini Wairimu hutamshika tena." Afadhali angenitukana.

Nikaja kwenu nikilia. Na nyinyi mkasema nini? "Hiyo ni vita ya kiroho, kuna mtu anakuonea wivu." Mkanipangia kesha, siku tatu mfululizo! Jamani! Mtu anaangusha mtoto kwa kukosa usingizi, mnamletea kesha! Nami kwa sababu ni mwenyekiti wenu, nikapika chai ya hilo kesha. Nimekasirika nanyi, lakini nimejikasirikia zaidi, kwa sababu nilijua nina usingizi na nikanyamaza.

Asubuhi baada ya kesha la tatu, miguu ilikataa. Nilianguka kando ya ng'ombe, maziwa yakanimwagikia. Mume wangu akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa msichana wa umri wa Wambui. Akapima presha, akapima tena.

"Mama, unalala masaa mangapi?"

"Matatu. Siku zingine manne."

"Tangu lini?"

"Tangu binti yangu akiwa darasa la nne. Sasa ana watoto wawili."

Akaweka kalamu chini. "Watoto wawili! Mama, presha iko juu sana. Dawa nitakupa, lakini usipolala, unanisumbua bure."

Mnafikiri kulala ni rahisi? Wiki ya kwanza nililala macho wazi kwenye giza, nawaza ng'ombe. Mume wangu alichukua ukamuaji, akamwaga nusu, na kila asubuhi ananiambia, "Si nilikwambia?" Hiyo "nilikwambia" yake karibu iniongezee presha. Nilitoka kwenye zamu ya maombi, na mmoja wenu, simtaji, akaniuliza kama nimerudi nyuma kiroho. Nimerudi kitandani, dada! Mungu ananisikia hata saa mbili asubuhi.

Polepole usingizi ukaja. Baada ya miezi kope likatulia, vidonda vikapona, presha ikaanza kushuka. Dawa bado nameza. Namshukuru Mungu, yule daktari, na mume wangu na ndoo yake. Na wewe unayesinzia hapo nyuma ukijiita mama wa nguvu, nenda upimwe, halafu ulale.

Sasa nasikia mnapanga kesha la Ijumaa, la kushukuru kwa kupona kwangu. Wamama, kweli? Kesheni. Mimi sipo.

Jumapili iliyopita Wambui alikuja, mtoto mgongoni. Akanitazama machoni kwa muda.

"Mum, jana ulilala?"

"Masaa saba."

Akamfungua mtoto, akamweka mapajani mwangu, akaenda zake kuanika nguo. Wairimu akalala hapo hapo. Nilikaa naye saa nzima mpaka mkono ukafa ganzi, na sikusinzia hata kidogo.