Naserian Hakukataa Kwenda

Nimerudi Kitengela kutoka mazishi na kichwa bado hakijakubali. Naserian, ni wewe kweli tumezika?

Kwa wale hamkumjua: Nase alikuwa mwenzangu kazini, field officer, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Oltepesi. Homa ya mapafu ilimshika, na kabla tupange nani ataenda kumwona hospitalini Kajiado, akawa ametuacha.

Tulijuana kwa training. Wageni walikuja kutoka Niger kufundisha akina mama kuchimba mashimo ya nusu mwezi, yale yanashika maji ya mvua kwa ardhi iliyokufa ndio nyasi irudi.

Mwalimu wao, Mariama, aliongea Kifaransa. Mtu akageuza Kiingereza, mimi nikaweka Kiswahili, Nase akamalizia na Kimaasai. Mariama aliongea weee. Ikifika kwa Nase ikawa maneno machache tu.

Nikamuuliza, "Hiyo yote umeifupisha hivyo?"

"Nimewaambia wachimbe, maji yakae. Hayo mengine yalikuwa salamu."

Akina mama wakalalamika ardhi ni ngumu kama simiti. Nase akavua viatu vya ofisi, akashika sururu, akachimba nao.

Mvua ikakuja. Nyasi ikaota mahali mbuzi walikuwa wanalamba vumbi. Wanawake wa Loitokitok wakaja kujifunza kwake, wengine wakavuka kutoka Tanzania.

Halafu watu wa Niger wakamwalika aende afundishe wanawake wa huko vile yeye na akina mama walizuia mifugo mpaka nyasi ikomae. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aliniuliza kama iko na choo.

Akina mama wakamshonea mkufu wa shanga wa kusafiria.

Safari ilishughulikiwa na boss wetu. Simtaji jina, anajijua. Nase alimpenda huyo mama kama dada yake wa tumbo moja. Alimchinjia mbuzi nyumbani, watoto wake wakamwita auntie.

Wiki ya safari, boss akatuambia visa ya Nase imekataliwa, kwa hivyo ataenda yeye. Nase hakununa. Alimpa hata ule mkufu avae huko.

Boss aliporudi, Mariama alipigia Nase simu. Tulikuwa tunakunywa chai kwa ofisi, akaweka loudspeaker. Mariama, kwa Kiingereza chake cha pole pole, akauliza, "Dada yangu, kwa nini ulikataa kuja? Visa yako ilikuwa imetoka. Boss wako alituambia hutaki kuacha mifugo."

Nase alimwambia atampigia baadaye. Akaweka kikombe chini, akaenda kwa mlango wa boss. Nilisikia kila kitu.

"Dada, kama ulitaka kwenda ungeniambia. Ningekusindikiza mpaka airport."

"Nase, usichukulie personal. Kulikuwa na presentation."

"Lakini uliwaambia nimekataa. Sasa huko najulikana kama mtu wa kukataa."

Boss akarudi kwa laptop yake.

Nase aliacha kazi, akarudi Oltepesi, akaendelea kufundisha bila ofisi, bila gari, bila T-shirt ya mtu.

Jana huyo boss alikuja mazishini na banner ya picha ya Nase. Akapewa maiki, akasema sisi tulikuwa familia moja.

Mama yake Nase si mtu wa kuongea mbele ya watu. Alisimama, akachukua ile maiki mkononi mwa boss pole pole. Akasema kwa Kimaasai, akarudia kwa Kiswahili ndio wageni wote waelewe: "Mtoto wangu hakukataa kwenda. Nyinyi ndio mlimwacha."

Akarudisha maiki, akaketi.

Leo asubuhi nimefungua simu, napata ofisi imepost picha yako, eti champion wetu. Watu wanaweka emoji za makopa chini yake. Ndio maana naandika.

Nase, ulinikataza kumwambia Mariama ukweli. Ulisema atavunjika moyo, na wageni wasiporudi, ni akina mama wa kwingine watakosa kufunzwa. Hata ukiwa umeumizwa ulikuwa unawafikiria hao.

Nimemwambia. Nisamehe, sikuweza kukuacha uende na jina la uongo.

Mariama amelia sana. Halafu akasema kesho ako na darasa, na kabla washike sururu atawaambia wanawake wa kwao kuna mwalimu wa Oltepesi aliyetaka sana kuwafikia.

Olesere, kwaheri rafiki yangu. Pumzika sasa, watajua ulitaka kwenda.