Miye njo nilisema watu wa Kalemie hawashindi

Kosa ni langu, musinitafutie njia ya kutokea. Jina langu siliandiki, nimechoka kuonyeshwa kidole sokoni. Lakini majina ya walionipoteza nitayaandika, maana wao hawana haya.

Nauza samaki. Tangu usichana wangu napanda treni na mikebuka mikavu ya ziwani: Nyunzu, Kabalo, mpaka Kongolo. Shule niliacha mapema, lakini masikio yangu hayakuacha kitu. Kwenye treni kila muntu anatoa shida yake, na shida ya wengi ilikuwa parseli. Wakubwa wa biro za serikali wanakunyanganya kiwanja, weye unapeleka mashitaka tribinali, mahakama ya mbali, Lubumbashi, unangojea.

Nikawa naokota habari. Huyu wa Kongolo ameshinda. Mwingine wa Kongolo, ameshinda. Wa Nyunzu, mumoja ameshinda, mumoja ameanguka. Na wa Kalemie? Ameanguka. Ameanguka. Ameanguka!

Jamani, nilirudi nyumbani nimejaa kama mwalimu. Niliwaambia wote: "Kule Lubumbashi sisi watu wa ziwa hawatupendi. Wakisikia Kalemie tu, wanafunga kesi."

Kisha ikafika zamu yetu. Sitwayen Mwamba, yaani mwananchi Mwamba kama tulivyoitana wakati ule, mukubwa wa viwanja, alikuja na suti yake mupya ya abakosi, akasema mustari wetu wote wa nyumba umepewa Kalonda, mufanyabiashara rafiki yake, ajenge depo ya kuweka mali yake.

Jirani yangu Papa Sumaili, fundi wa kujenga, akasimama palepale. "Tuandike mashitaka leo. Mutoto wa dada yangu anajua kuandika."

Nilimucheka mbele za watu. "Papa Sumaili, treni weye uliipanda lini? Nitajie muntu mumoja wa Kalemie aliyeshinda!"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Basi! Mukubwa hashitakiwi. Anasalimiwa."

Watu wakacheka. Hata bibi yake, Mama Feza: "Mume wangu, muache mama wa treni atuongoze. Weye unajua saruji tu."

Njo tukaenda kusalimia. Kuku, samaki, pombe, na miye mbele, musemaji. Mwamba akapokea vyote. "Wamama, tulieni. Rudini juma lijalo. Muntu hashitaki baba yake." Tukarudi. Yuko safarini. Tukarudi. Dosye yenu ya karatasi iko mezani. Kila tukirudi, Papa Sumaili yuko mulangoni kwake: "Mama, tunachelewa."

"Papa, haraka ya nini? Nyumba ina miguu itakimbia?"

Asubuhi moja wakaja askari na kamiyo, lori kubwa, wakabomoa. Papa Sumaili akaandika sasa, juu ya matofali yake yaliyovunjika. Jibu likatoka Lubumbashi: mumechelewa kulalamika, siku zilizowekwa zimepita. Kiwanja ni cha nani, hakuna hata aliyeuliza.

Na miye, Mungu anisamehe, nilisema: "Si niliwaambia? Kalemie hatushindi!" Nilisema kwa furaha! Furaha ya muntu aliyejua.

Ukweli nilikuja kuupata kwenye treni. Mama Kabibi wa Kongolo, aliyeshinda kesi yake, alikuwa ananunua samaki kwangu. Nikamuuliza wanafanya nini kule mpaka wanapendwa hivyo na tribinali.

Akaniangalia. "Nani anatupenda, mama? Kwetu kuna katekista mukali. Ukipata barua ya kunyanganywa, juma haliishi, amekwisha kukuandikisha mashitaka. Kumusalimia mukubwa ni kisha. Ninyi je?"

"Sisi tunasalimia kwanza."

"Njo maana," akasema, akaendelea kuchagua samaki.

Ole wangu! Wale wote wa Kalemie niliowahesabu, wote walianza na kuku mukononi, njo desturi yetu. Nilihesabu maanguko, sikuuliza hata muntu mumoja alianguka vipi. Lakini Mwamba alijua! Ile "rudini juma lijalo" njo ilikuwa kisu chake. Leo depo ya Kalonda imesimama tulipokuwa tunalala.

Mustari wetu ulitawanyika, wengine mpaka Mpala. Papa Sumaili alikufa kwenye nyumba ya wakwe zake. Nilienda kwenye matanga, nimejifunga kitambaa kiunoni, nikaingia nyuma kwenye moto pamoja na wamama, nikashika kisu nimenye mihogo. Mama Feza akakitoa mukononi mwangu, polepole, bila hasira.

"Weye ni mugeni, mama. Usichoke."

Akaniletea kiti, akakiweka mbele, na wageni. Miye, niliyepokea watoto wake wawili walipozaliwa! Nikakaa. Kule nyuma nilisikia wanatwanga sombe, majani ya mihogo, wanaongea, mumoja anacheka. Hakuna aliyeniita.

Ndugu zangu, mukisikia watu wa mahali fulani wanaanguka siku zote, musiseme hawapendwi. Ulizeni walianza na nini. Mukubwa akisema rudini juma lijalo, rudini, lakini mashitaka yawe yamekwisha kupanda treni. Na muntu akipita kati yenu anahubiri "sisi hatushindi", mufungeni kinywa, hata kama ni rafiki, hata kama anawachekesha. Miye hakuna aliyenifunga.