Majani ya Tangi la Fulu

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na leo nataka nikupe yote. Niliingia darasani kabla ya wenzangu, nikakuta samaki wetu wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Majani tuliyoyapanda kwa furaha yalikuwa yanaelea. Mengine yamekuwa kahawia, mengine yamebaki vijiti tu. Nikasimama pale na sare yangu ya shule, nikijua kwamba mkaguzi angekuja kabla ya muhula kwisha.

Nikueleze kwanza shule yenyewe. Ilikuwa ya harambee, upande wa Kombewa, kwetu Seme kando ya Ziwa Victoria, miaka ya sabini ilipokuwa ndiyo inaanza. Baba zetu walichoma matofali, mama zetu wakabeba mchanga vichwani kutoka ufukweni. Mwalimu mkuu alikuwa Mama Peninah, mjane mrefu mwenye sauti ya chini. Hakupenda kupigiwa makofi, lakini akiingia mahali, hata wanaume walinyanyuka. Maofisa wa elimu walikuwa wamemwambia kwamba shule ya wasichana isiyo na maabara haiwezi kufundisha baiolojia. Tushike ushonaji na upishi, basi. Alichopata ni ahadi moja tu: mkaguzi atakuja, aangalie, aamue.

Mama Peninah alirudi kutoka kwa maofisa hao akatukusanya. "Darubini hatuna," akasema. "Ziwa tunalo."

Vioo vilivyobaki baada ya kuweka madirisha akampa fundi, akatutengenezea tangi lenye fremu ya chuma. Tukaweka mchanga, tukajaza maji ya kisima cha shule, tukatia fulu. Wewe fulu unawajua kwa kusikia tu. Ni wale samaki wadogo wa ziwani ambao mama zetu waliwaanika juani kwa mboga. Lakini waweke nyuma ya kioo, mwanangu! Dume ana bluu ya mgongoni na wekundu mkiani, utadhani amevaa kwenda kanisani. Watu walipita dirishani wakauliza tumewatoa nchi gani.

Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo hakukuwa na mashine ya kuwapulizia hewa. Mimea hai ndiyo ingewapa pumzi na kusafisha maji yao. Kazi ya kuchagua mimea tulipewa mimi na rafiki yangu Risper, binti wa ufukweni. Alikuwa mwogeleaji hodari, lakini mbele ya watu ulimi ulikuwa unamkauka. Tulikwenda kijitoni, tukachagua yaliyotupendeza: majani mororo yenye ncha za rangi ya waridi, na yungiyungi wadogo. Tulitaka mgeni akiingia tu, apigwe na uzuri.

Na ndiyo hayo niliyoyakuta yanaelea. Fulu ni wachimbaji. Usiku na mchana wanafukua mchanga, wanang'oa wanachokuta, na jani laini wanalinyofoa. Tena maji ya kile kisima yalikuwa magumu. Sabuni ilikataa kutoa povu, sufuria zilishika ukoko mweupe. Majani ya kijitoni yalizoea maji laini, hapa yakayeyuka tu.

Mama Peninah hakupiga kelele. Alitutuma haraka tuwahamishe samaki kwenye mitungi ya maji mapya, kisha akatuita.

"Nani aliyachagua haya?"

"Sisi, Mama. Yalikuwa mazuri," nikasema.

"Sikuwaomba mazuri, wanangu. Niliwaomba yatakayoishi. Mlimfikiria mgeni. Samaki je? Maji je?"

Maneno yale yalinichoma, lakini hakutuacha nayo. Jumamosi alijifunga leso kiunoni, akashuka nasi mpaka ziwani, mahali penye mawe ambapo fulu walikuwa wengi. Akatukalisha. "Angalieni samaki yuko wapi, na kilicho karibu naye ni nini."

Tukaangalia mpaka jua likatuuma. Risper akapiga mbizi, akatoka na mashada mkononi. Moja lilikuwa jani refu kama utepe, gumu kidogo, lenye mizizi mingi. Jingine halikuwa na mizizi kabisa, lilijaa vijani vikali vilivyozunguka shina kama brashi ya kusafishia chupa. Yalikuwepo na mengine. Hatukupeleka lolote kwenye tangi. Tuliweka kila aina kwenye beseni la maji yale magumu ya kisima, karibu na dirisha, tukasubiri.

Mengi yalioza. Brashi iliendelea kukua kana kwamba haijahama. Utepe ulitutisha, majani yake yote marefu yalilegea yakafa, nikaushika niutupe. Mama Peninah akanizuia mkono. "Shika mzizi kwanza." Nikapapasa. Mzizi ulikuwa mgumu, na katikati palikuwa na jani jipya, kijani kibichi, dogo kama kucha. Mwanangu, nilipiga ukelele uliosikika mpaka darasa la pili.

Tulipanda utepe kwenye tangi tupu, tukazungushia mawe kila shina ili wachimbaji wasifike kwenye mizizi. Brashi tuliiacha ielee, maana kisichopandwa hakiwezi kung'olewa. Samaki tuliwaacha kwenye mitungi, tukiwabadilishia maji kila siku, mpaka utepe ulipotambaa chini ya mchanga ukatoa mtoto pembeni. Ndipo tukawarudisha, wachache, dume mmoja na majike yake, kwa sababu madume wawili wangeuana. Walichimba, walijaribu kunyofoa, wakashindwa. Maji yakatulia, ukaweza kuhesabu kokoto.

Mkaguzi akaja, bwana mmoja mwenye suti na haraka. Aliangalia madawati, akaangalia kabati letu tupu, kisha tangi. "Mapambo mazuri," akasema, akageuka.

"Waulize wasichana," Mama Peninah akamwambia.

Akainama kwa adabu tu. Akaona jike mmoja amevimba taya. "Huyu anaumwa?"

Nikafungua mdomo nijibu, lakini Risper akanitangulia. Risper!

"Haumwi, Bwana. Ana watoto mdomoni."

Mkaguzi akacheka. "Nani aliwapa hadithi hiyo?"

"Tafadhali rudi nyuma kidogo," Risper akasema, sauti inatetemeka lakini haikatiki. "Kivuli chako kinamtisha."

Mtu mkubwa wa serikali akarudi nyuma kwa amri ya msichana wa Seme. Tukangoja. Jike akaingia taratibu katikati ya majani ya utepe, akafungua mdomo, wakamiminika watoto wadogo mno, utadhani ni macho tu, wakatawanyika kwenye majani. Mkaguzi akasogea bila kujijua. Kivuli kikaanguka juu ya maji, na watoto wote wakakimbilia mdomoni mwa mama yao, mdomo ukafungwa.

Akavuta kiti, akavua koti, akaanza kutuuliza maswali ya kweli. Kwa nini majani haya? Nikamjibu juu ya ugumu wa maji, juu ya mizizi, juu ya mawe. Kwa nini mengine yanaelea? Kwa nini samaki ni wachache? Kila mmoja wetu alikuwa na jibu. Haraka yake ilikwisha, hata chai ikapoa.

Ruhusa ya kufundisha baiolojia ilipokuja, mama zetu walipiga sigalagala, vile vigelegele vya kwetu, kuanzia barabarani mpaka langoni. Mama Peninah alijaribu kusema na wazazi, akashindwa, akafuta macho kwa leso mbele ya watu wote. Risper amekuwa daktari. Mimi nimefundisha baiolojia mpaka nywele zikageuka. Na baadaye, mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, alipojaa ziwani, aina nyingi za fulu zilipotea. Jike kama yule sijamwona tena kwa mvuvi yeyote. Lakini sisi tulimlea, na alizaa kwetu. Hilo nalisema kifua mbele.

Sasa nawe umenunua tangi lako huko mjini, na maji yenu ni ya kisima. Usikimbilie jani linalong'aa dukani. Jua kwanza maji yako, kama ni magumu au laini. Mjue samaki wako, kama anachimba au anakula majani. Chagua mmea wenye jani gumu na mzizi wa nguvu, au unaoelea. Ujaribu pembeni, uzungushie mawe, uuache ushike, ndipo ulete samaki. Majani ya kwanza yakifa, usiutupe kabla ya kushika mzizi. Na ukiwachagua watu wa kuishi au kufanya kazi nao, mwanangu, tumia subira hiyohiyo. Usimwangalie atakayependeza wageni, mwangalie atakayestahimili maji yenu.

Nenda na amani. Mungu akujalie macho yasiyo na haraka na mikono yenye huruma, kazi zako zishike mizizi, na siku moja wazazi wako wapigiwe sigalagala kwa ajili yako. Amina.