Mabeseni ya Kupimia Uvundo

Walisema sitaweza. Aliyeanza ni mjomba wangu, ndugu yake mama, tena mbele ya watu barazani baada ya sala ya alasiri. "Uvundo hauna mkia wala masikio," akasema. "Utaushika wapi hata uupime?" Muuza nyama wa mtaani petu akadakia, "Mwacheni, bwana. Wenziwe wamekwenda Ulaya kusomea udaktari, yeye kasomea kunusa." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Niliwaacha wacheke. Hakuna hata mmoja wao aliyenichangia nauli. Ng'ambo nilianza kwa kuosha chupa za maabara, jioni nikasoma, nikarudi Changamwe mwishoni mwa miaka ya themanini na diploma ya kemia yenye muhuri mwekundu. Mama aliitundika ukutani juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni alionyeshwa kabla ya kupewa kiti. Sikumkataza. Kitu cha kuonyeshwa huonyeshwa.

Jaa la mji lilikuwa nyuma ya mtaa wetu, upande wa ghuba. Nilipoondoka lilikuwa shimo. Niliporudi lilikuwa mlima. Mchana upepo wa baharini uliusukuma uvundo mbali, tukapumua. Jua likitua upepo hufa, na hapo uvundo huteremka taratibu ukaingia majumbani bila hodi. Mama alikuwa na pumu. Daktari wa zahanati alimwambia wazi: ama jaa lihame, ama ahame yeye. Mama mdogo, nduguye, alikuwa amemwekea chumba kwake Bofu, ng'ambo ya feri.

"Nyumba hii niliingizwa kwa ngoma na vigelegele," mama akasema. "Leo nitolewe na takataka?" Kisha akanitazama mimi, akaitazama diploma.

"Hutoki, mama," nikamwambia. "Nitawapimia watu wa ofisi ya mji uvundo wao mpaka waone haya."

Namna ya kupima naijua kama nijuavyo jina langu. Unapindua beseni juu ya taka, unafukia ukingo wake kwa udongo ili hewa isitoroke, unaacha gesi ijikusanye. Kisha, kupitia tundu dogo juu yake, unaivuta kwa pampu ya mkono ipite ndani ya mrija wa kioo wenye unga mweupe. Gesi ile inukayo kama mayai viza ikipita, unga hugeuka kahawia. Rangi ikienda mbali, gesi ni nyingi. Mirija nilirudi nayo, nimeiviringisha ndani ya soksi isivunjike. Mabeseni ya bati sikuwa nayo, nikaazima kwa majirani: kwa mke wa mwalimu wa chuoni, kwa mke wa mjomba, hata kwa muuza nyama.

"Wataka kulitoboa beseni langu?" muuza nyama akauliza.

"Nitakurudishia jipya."

"Na uvundo nao utanirudishia mpya?"

Alinipa, hata hivyo. Wote walinipa, kwa heshima ya mama.

Nilipima wiki nzima. Nasema bila kuficha kwamba kazi ile ilikuwa safi kuliko nyingi nilizoziona ng'ambo, nami sikuwa na kitu ila vyombo vya kufulia. Mjomba alikuja kutazama, kilemba kimefunika pua. Rangi ilipokimbia ndani ya mrija hadi mwisho, alisema "Subhanallah," akanyamaza. Sikuwahi kumnyamazisha mjomba kabla ya siku ile.

Nikapeleka vipimo ofisi ya mji. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mpole, akavisoma vyote. "Kijana, kazi nzuri," akasema. "Lakini jaa kunuka ndiyo desturi yake. Tuonyeshe kwamba uvundo wafika majumbani."

Hapo palikuwa na ugumu. Ndani ya nyumba mrija ulibaki mweupe. Si kwamba gesi haikuwamo. Pua ya binadamu huinasa gesi ile mapema sana, ikiwa ingali kidogo mno kugeuza rangi ya unga. Nikamweleza afisa hayo kama mwalimu. "Majumbani chombo ni pua," nikamwambia. "Njooni jioni mnuse wenyewe."

Wakakubali. Mtaani petu hakuna mtu aliyewahi kuwaleta wakubwa wa mji kwa miguu yao, nami nilipita nyumba hadi nyumba nikitangaza: kesho jioni nina wageni.

Siku yenyewe niliwapokea barabara kuu, penye malori ya mafuta. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Sikuhitaji chombo kujua kwamba jioni ile uvundo ungekuwa mkali. Tukaingia kichochoro cha kwetu, nami nikasimama. Nilinusa udi.

Kila nyumba ilikuwa na chetezo mlangoni. Wanawake walikuwa wamefagia, wamepiga maji vumbi, wamefukiza udi na ubani, wametandika asumini juu ya viti. Mama alisimama kizingitini amevaa leso mpya, mrashi mkononi, akawanyunyizia wageni marashi viganjani. Moshi ulikuwa umemjaa kifuani. Nilisikia pumzi yake ikipiga mluzi.

"Karibuni wanangu. Karibuni ndani."

Yule afisa mpole alivuta pumzi ndefu. "Mama," akasema, "nyumbani kwako kuna harufu nzuri kuliko kwangu." Wenziwe wakacheka, wakavua viatu.

"Tusubiri kidogo," nikawaambia, "udi utakwisha."

"Wasubirie nini, na pilau iko tayari?" mama akauliza.

Nikamvuta kando penye kabati. "Mama, leo tungepaacha palivyo."

"Wageni wako uwanusishe jaa? Watu watasema hukuzaliwa na mtu." Akakohoa, akatupia kipande kingine cha udi juu ya makaa.

Nilikuwa na mirija, nilikuwa na diploma juu ya kichwa changu ukutani, nikachukua sinia la pilau nikawapelekea wageni. Wageni walikula, wakashukuru, wakaandika walichonusa. Nilirudi ofisini mara nyingi kuwaomba waje tena. Kila mara nilipokewa vizuri, na kila mara afisa aliuliza hali ya mama na pilau yake. Mirija ikaisha. Malori yakaendelea kupanda mlima.

Mvua za masika zilipoanza, taka ziliposhiba maji, mama hakuweza tena kulala chali. Asubuhi moja alisema mwenyewe, bila mimi kutaja, "Mpelekee habari mama yako mdogo."

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika maabara ya kiwanda, tena mkuu wa zamu. Nilinunua mabeseni mapya, makubwa kuliko yale niliyotoboa. Lakini chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mama hakutaka kusikia habari ya kununua cha kutilia. Alikaa mbele ya jiko lake siku ya kuhama akakaanga mahamri, akipumzika baada ya kila karai, mpaka kila beseni likajaa.

Nikayapeleka moja moja. Mke wa mwalimu alimwombea mama dua. Muuza nyama aliliinua lake juu, akachungulia chini yake kutafuta tundu, asicheke. "Hunidai, sikudai," akasema, akanishika mkono muda mrefu. Mjomba alipokea la mkewe kwa mikono miwili.

"Ulisema utaupima," akasema, "na wallahi umeupima."

Nilirudi nikamkuta mama amekaa juu ya kasha lake, diploma ameifunga ndani ya leso, ameipakata.

"Umewarudishia wote?"

"Wote, mama."

"Hakuna anayekudai?"

"Hakuna."

"Haya, funga mlango," akasema. Jua lilikuwa linatua, na upepo ulikuwa umekwisha kufa.